Dakika Kumi na Tisa

Kazi yangu ni kupima mikono ya watu kwenye maji baridi, na kabla hujacheka, jua kwamba nimeshachekwa vya kutosha. Mashemeji walicheka, mwenye nyumba alicheka, na mke wangu Alida, Mungu amrehemu, alicheka kuliko wote. Ofisi yetu iko Kibagabaga, hapa Kigali, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitanda. Mtu akija tunamkalisha dakika ishirini mpaka mwili utulie, tunambandika kidoleni kifaa chenye taa nyekundu kinachosoma damu inavyopita chini ya ngozi, kisha anatia mkono kwenye beseni la maji ya nyuzi kumi na tano kwa dakika mbili. Akiutoa, nahesabu dakika mpaka damu irudi ilivyokuwa. Ndiyo kazi yote.

Tunachotafuta ni tofauti ya wanaume na wanawake. Ngozi ya mwanamke ikiguswa na baridi hufunga mishipa yake upesi na kwa nguvu, damu inakimbilia ndani, vidole vinabaki havina kitu. Mishipa ya mwanamume hulegea mapema. Hayo yote ni kwa wastani, yaani ukichukua watu wengi kwa pamoja. Mtu mmoja mmoja ana mambo yake. Sentensi hiyo nilikuwa naisema kila siku kwa kila aliyekuja kupimwa, hata Connie, muuguzi ninayefanya naye kazi, akawa ananiigiza. Siku iliponihusu mimi mwenyewe nikaisahau.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili. Nilikuwa nafunga kamba za viatu. Alida alitoka chumbani kajifunga kitenge mabegani, akanishika shingo kwa mikono miwili kama alivyozoea, kwa sababu tangu tuoane shingo yangu ndiyo ilikuwa jiko lake. Akasema leo anasikia baridi sana, na tumbo halijatulia tangu jana. Nikaishika mikono yake niiondoe, maana nilikuwa nimechelewa. Baridi haikuishia vidoleni. Ilipita kiganja, ikapita kifundo, ikafika kwenye kiwiko, na ngozi ilikuwa na unyevu. Nilihisi. Sitamdanganya mtu kwamba sikuhisi. Mikono yangu inalipwa kuhisi mambo hayo. Lakini nikasema, "Ninyi wanawake ndivyo mlivyo, hata mashine inasema," nikachukua begi nikatoka.

Alikuwa na mimba ambayo wote wawili hatukuijua, imekaa mahali pasipo pake, nje ya tumbo la uzazi, na ilikuwa imeshapasuka. Jirani alimpeleka hospitali saa sita mchana. Mimi saa hiyo nilikuwa nimeshika saa mkononi, nahesabu dakika za mkono wa dereva mmoja wa lori.

Kwetu, mtu akishazikwa, waliotoka makaburini hawakai chini kabla hawajanawa mikono. Gukaraba, ndivyo tunavyosema kwa Kinyarwanda. Mabeseni yanawekwa langoni, kila mtu anapita, anamwagiwa maji, na hapo mazishi yanakuwa yamekwisha. Unaruhusiwa kuketi, kunywa, hata kucheka kidogo. Mimi siku ile niliyaona mabeseni, nikaitia mikono yangu mifukoni nikapita kama mtu anayetafuta choo. Nilijiambia siwezi kuisafisha mikono iliyoshika kiwiko kile ikakiachia. Watu waliniona. Kigali ni mji wa watu wanaoona na kunyamaza.

Nilirudi kazini baada ya wiki mbili. Nina desturi moja, naiita mkono wa asubuhi: kabla mtu yeyote hajaja, natia mkono wangu mwenyewe kwenye beseni kuhakikisha mashine haijalala vibaya. Nimefanya hivyo kwa mwaka na nusu, na daftari lipo. Dakika sita. Sita na nusu. Sita. Siku niliyokuwa na malaria, saba. Asubuhi ile ya kwanza nilitia mkono, nikautoa, nikangoja. Dakika ya sita vidole vilikuwa vyeupe kwenye kucha. Ya kumi, bado. Nikafikiri mashine imeharibika, nikaitukana kwa Kiswahili cha Bukoba nilikokulia. Damu ilirudi dakika ya kumi na tisa.

Nilibadilisha kifaa. Kesho yake, kumi na tisa. Nilibadilisha mkono. Kumi na tisa.

Watu walianza kuniambia bila kuulizwa. Muuza duka wa pale kwetu Rwezamenyo, tunayesalimiana kila siku kwa miaka minne, aliuachia mkono wangu haraka akauliza kama nimetoka kushika samaki. Mzee mmoja aliyekuja kupimwa alinipa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika mkono wake, kwa heshima, kisha akautazama wangu na kusema una baridi ya mwanamke. Nilicheka naye. Nilipoingia stoo nilikaa juu ya boksi la glavu, nikaisugua mikono kwenye suruali.

Halafu kuna ile ya nyumbani. Nilikuwa mezani asubuhi, nakunywa chai, nimeshika kikombe kwa mkono mmoja. Mkono wa baridi ukanishika shingoni, nyuma, palepale. Sikupiga kelele. Nilibaki nimeshika kikombe, chai inamwagika kwenye suruali, na sikutaka kugeuka, kwa sababu kwa muda wa pumzi mbili nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo maishani. Kisha nikagundua ni mkono wangu wa kushoto. Ulikuwa umepanda wenyewe. Niliuangalia ulivyokuwa umekaa, kidole gumba kimekunjwa ndani kama alivyokunja yeye.

Nilipaswa kuogopa, na niliogopa. Lakini nitasema na hili kwa kuwa ni kweli: kesho yake niliketi kwenye kiti kilekile, saa ileile, nikangoja.

Mama yake Alida anaitwa Pudentienne. Alikulia Bujumbura, na huko ndiko Alida alikozaliwa; ndiyo maana nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, mimi cha Tanzania, yeye cha Burundi, tukitaniana nani anakiharibu zaidi. Mama Pudentienne ana chumba cha kushonea Nyakabanda, mlango mmoja, cherehani mbili. Anashona magauni ya watoto wa komunyo ya kwanza. Nusu ya wasichana wa parokia yake wamepokea ekaristi wakiwa ndani ya kazi ya mikono yake.

Mwezi wa tano aliniita kwake. Alitaka tupange siku ya kuondoa msiba: misa Jumapili asubuhi, kisha chakula kidogo nyumbani kwake. Tulikubaliana upesi, tukamaliza. Nikadhani nimepona. Ndipo akazima cherehani, akakunja mikono mapajani, akaanza kunieleza habari ambayo nilikuwa sijaisikia.

Usiku wa Jumatatu ile, Alida alimpigia simu. Alimwambia tumbo linamuuma, upande mmoja. Yeye mama akamwambia ni hedhi tu, apike chai ya tangawizi, anywe, ajifunike alale, asubuhi litakuwa limeisha. Hakumwambia aende hospitali. Hakumwambia aniamshe. Tangu siku ya mazishi hajapokea komunyo. Anaketi benchi la nyuma, wenzake wakipanga mstari yeye anainamisha kichwa. Padri amemwita mara mbili, amekataa. Alisema hata Jumapili hiyo, misa ya mwanawe mwenyewe, hatasogea mbele.

Halafu akasema kwa sauti, akinitazama, "Ni mimi nilimuua, Gatera. Na chai."

Sasa nipime hapo. Nilikuwa na maneno mdomoni. Ningeweza kumwambia kwamba usiku ule hata daktari angeweza kukosea, lakini asubuhi yake kulikuwa na mtu aliyeshika mkono baridi mpaka kiwiko, mtu anayejua maana yake, na mtu huyo alikwenda kazini. Ningemtua mzigo wake kwa sentensi moja. Nikayameza. Nikasema, "Mama, usijilaumu," maneno ambayo hayagharimu kitu. Nilinyamaza kwa sababu kunyamaza kulinifaa. Mama yule alikuwa amebeba mzigo wangu kichwani kwa miezi mitatu, na mimi nilikuwa natembea nyuma yake mikono mitupu.

Aliponiaga alinipa mkono. Nikampa wangu. Hakuuachia. Aliugeuza, akautazama kiganja, akaweka kidole gumba chake juu ya kucha zangu moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu vifungo vya gauni. Uso wake ulibadilika. Alinirudishia mkono wangu na kuwasha cherehani.

Wiki ile Connie alinikuta na daftari. Connie amekulia Kampala, ni mtu wa moja kwa moja, hana subira na watu wanaojificha. Alikuwa amekwisha kuona dakika zangu za asubuhi na alikuwa na maelezo tayari: huzuni inafunga mishipa, kutokula kunafunga mishipa, na mimi nilikuwa silali wala sili. Nilikubali yote. Ni kweli yote. Angeniacha hapo ningemshukuru.

Ila mchoro ambao mashine inauchora damu inaporudi si lazima uwe mstari ulionyooka, na kila mtu ana wake. Wa Alida tulikuwa nao. Alikuja kupimwa mwaka jana tulipopungukiwa na wanawake. Kwenye karatasi zetu hana jina, ni namba kumi na nne. Connie ndiye aliyempima, mimi nikiwa nimefukuzwa chumbani kwa kuwa wote wawili walikuwa wanacheka na kazi haiendi. Mchoro wake unapanda polepole mpaka dakika ya kumi na moja, unashuka kidogo, kisha unapanda tena mpaka mwisho, dakika ya kumi na tisa, kama mtu aliyepanda ngazi akakumbuka ameacha funguo chini. Connie hakuwa ameuona mchoro wa namna hiyo kwa mtu mwingine, wala mimi.

Aliweka mchoro wangu wa asubuhi ile kwenye kioo cha kompyuta, akauweka wa namba kumi na nne juu yake. Mistari miwili ikawa mmoja. Pale kwenye dakika ya kumi na moja palikuwa na kushuka kulekule.

Connie hakusema huzuni tena. Duka la chini lilianza kushusha vitanda kutoka kwenye gari, tukasikia vyuma vinagongana. Kisha akaniambia, taratibu, "Siku ya mazishi nilikuwa nyuma yako kwa gate. Wewe hukunawa."

Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya desturi na sisi hapa ni watu wa vipimo. Akasema sawa. Akaniuliza basi hicho tulichokuwa tunakitazama kinaitwaje kwenye vipimo, nami nikafunga daftari.

Jumamosi mchana nilikwenda Nyakabanda kwa miguu. Ningeweza kupanda moto, pikipiki ya abiria, dakika kumi tu, lakini nilitaka safari iwe ndefu. Njiani nilirudi nyuma mara mbili. Mara ya pili mkono wa kushoto ulikuwa umepanda tena shingoni, umetulia hapo, na nilijua nikifika mwisho wa barabara ile nikasema ninachokwenda kusema, huenda nisiupate tena. Sijui nilijuaje. Niliketi kwenye ngazi za saluni iliyofungwa nikakaa nao kidogo.

Mama Pudentienne alikuwa anapiga pasi gauni jeupe. Hakushangaa kuniona. Nilimwomba azime pasi, nikamwambia nina neno, nikabaki nimesimama kwa sababu sikuona kama nina haki ya kiti. Nilimweleza yote kwa mpangilio: viatu, kitenge, shingo yangu. Nilimweleza jinsi baridi ilivyopita kifundo. Nilimweleza maneno niliyosema, nikayarudia kama yalivyokuwa, nikaona yanavyomwingia. Nilimwambia chai ya tangawizi haijaua mtu, na kwamba asubuhi ile muda ulikuwa bado upo.

Hakulia. Aliuliza swali moja.

"Ilikuwa baridi mpaka wapi?"

Nikamwonyesha kwenye mkono wangu mwenyewe. Nikaweka kidole kwenye kiwiko.

Aliinuka. Nilifikiri ananifukuza, na ningetoka bila neno. Alikwenda uani, nikasikia jerikani inaburutwa, akarudi na beseni la plastiki la kuloweka vitambaa na birika. Akaliweka beseni juu ya kiti, kile kiti ambacho sikukikalia. Nilimwambia, "Mama, sikustahili kunawa siku ile na leo sistahili zaidi." Nilisema nisamehe, nikasikia jinsi neno lenyewe lilivyo jembamba.

Akanitazama kwa hasira. Nilifurahi kuiona hasira hiyo. Ilikuwa imekaa mahali pasipo pake kwa miezi mitatu na sasa imepata mwenyewe.

"Kusamehe nitaona na Mungu, siku yake," akasema. "Leo karaba. Si kwa ajili yako wewe. Ni yeye iko nachoka kukushika."

Nikajua kwamba siku ile alipogeuza mkono wangu alikuwa ameutambua. Mama anajua mikono aliyoiosha ikiwa midogo. Alikuwa amenyamaza wiki nzima akingoja mimi niseme ni kwa nini binti yake hajaondoka.

Niliweka mikono juu ya beseni. Maji yalikuwa ya bomba, ya baridi, na alimwaga polepole, akasugua kila kidole, akafika kwenye kifundo, akaendelea kupanda mpaka kwenye kiwiko, palepale nilipomwonyesha. Hapo akasimama. Akashikilia kiwiko changu kwa mikono yake miwili iliyolowa, kichwa kimeinama, na midomo yake ikasema jina la Alida mara moja tu. Kisha akamwaga maji yaliyobaki. Alinipa taulo, akabeba beseni akalimwaga uani, chini ya mgomba, akarudi kuwasha pasi. Gauni lilikuwa la mtu na lilitakiwa jioni hiyo.

Jumapili nilisimama nyuma kanisani. Mimi si Mkatoliki na sijui vizuri lini watu wanapiga magoti. Mstari wa komunyo ulipoanza Mama Pudentienne alibaki amekaa. Wakapita wa benchi la mbele, wakapita wa katikati. Nilishika kiti cha mbele yangu. Kisha akainuka, akajifunga vizuri kitenge chake cha kiunoni, akaenda. Alipita karibu yangu akirudi na hakunitazama.

Jumatatu nilifika kazini kabla ya Connie. Nilijaza beseni, nikapima nyuzi, nikajibandika kifaa kidoleni. Dakika mbili ndani ya maji. Nikautoa mkono, nikashika saa. Dakika ya tatu kucha zilianza kuwa nyekundu. Ya nne vidole vilichomachoma kama zamani. Mchoro ulipanda moja kwa moja, umenyooka, haukugeuka popote kufuata funguo.

Dakika sita.

Niliuweka mkono shingoni. Ulikuwa wa moto. Nikautia tena kwenye maji, nikauacha dakika nne, kinyume cha kanuni zote, nikangoja: sita na nusu. Nikautia tena. Connie alinikuta kwenye mara ya tano, shati limelowa, nalia kwa sauti kama mtoto aliyeachwa sokoni. Alisoma namba kwenye kioo, akaliondoa beseni mbele yangu bila kuniuliza, akaenda kumwambia mtu wa kwanza aliyekuwa anangoja nje kwamba tutachelewa kidogo kuanza.